Shaba na Panya wa Friza

Chatu mdogo akigoma kula, lawama zote humwangukia yeye. Utasikia ni mkaidi, ana madeko, kazoeshwa vibaya. Mimi nimelea mmoja nyumbani kwangu St. Louis, jimbo la Missouri, tangu akiwa na unene wa kidole gumba, na ninasema kwa moyo mmoja kwamba mnyama yule hakuwahi kukataa chakula. Alikataa kitu ambacho kwa ulimi wake na kwa ngozi ya mdomo wake hakikuwa chakula. Kazi nzima ya kumtoa kwenye panya hai na kumzoesha panya aliyegandishwa ilikuwa kuitambua tofauti hiyo na kuishughulikia taratibu, bila kumwonea.

Nyoka ni wa mwanangu. Aliomba muda mrefu, akaondoa theluji kwenye milango ya majirani ili aweke akiba, akasoma vitabu vya maktaba hadi akaweza kunijibu kila swali nililomtupia kwa nia ya kumkatisha tamaa. Tukamnunua kwa mfugaji mdogo wa humu humu Missouri, tukamwita Shaba kwa rangi ya mabaka yake. Jina lake la kisayansi ni Python regius, na Waingereza humwita chatu wa kifalme. Asili yake ni nyika na mashamba ya Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi kona ya kaskazini magharibi mwa Uganda. Hana sumu, ni nadra kuzidi mita moja na nusu, na akiogopa hujikunja akawa donge, kichwa kikiwa katikati. Wenzake kwa maelfu husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kufugwa Marekani na Ulaya, ila Shaba yeye alianguliwa huku huku.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Kwetu nyoka aliyeingia uani alikutana na jembe, na hakuna aliyesubiri kujua kama ana sumu au hana. Nilipompigia mama simu, nikamwamkia na kumweleza mjukuu wake anataka kuleta nini ndani, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huko paka hakuna?" Nilimwelewa. Mimi mwenyewe siku za mwanzo nilikuwa nikipita mbele ya kile kizimba cha kioo kwa hatua za haraka.

Lakini Morogoro hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha kumtazama panya kwa jicho jingine. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kipo pale, na pale pale shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kuna watu leo wanatembea kwa miguu yao miwili kwa sababu ya pua za panya hao. Mtu aliyekulia mji huo hawezi kumtumbukiza panya kizimbani akageuza uso, kana kwamba mle ndani kuna kiumbe mmoja tu wa kuhurumiwa.

Mfugaji alikuwa ametuambia wazi kwamba Shaba amelishwa panya hai tangu aanguliwe, akatushauri tuendelee hivyo hivyo. Kwa hiyo mlo wake wa kwanza kwetu ulikuwa panya hai, mdogo, mwenye manyoya meupe na macho yaliyokwisha kufunguka. Panya akazunguka pembeni mwa kioo akinusa. Shaba akatoa shingo pangoni, akarusha kichwa, akamdaka kiunoni badala ya shingoni. Panya akageuka akazamisha meno chini ya jicho la nyoka. Shaba akamzungushia mwili, ikaisha, lakini kwenye gamba moja, milimita chache kutoka kwenye jicho, lilibaki tone la damu. Mwanangu alikuwa amesimama ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Usiku ule tulikubaliana, bila hata kujadiliana sana, kwamba hatutampa panya hai tena.

Letu lilikuwa jeraha dogo. Madaktari wa wanyama hupokea nyoka waliotafunwa mgongo hadi mfupa kwa sababu panya aliachwa kizimbani usiku kucha na nyoka hakuwa na njaa. Panya naye hufa kwa hofu na maumivu, na si lazima iwe hivyo. Wazalishaji makini huwaua panya kwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa kufuata mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani, kisha huwagandisha. Kifo chake kinakuwa kimekwisha kabla nyoka hajahusika.

Halafu kuna suala la umri. Tulimpeleka mwanangu kwenye bustani ya wanyama ya St. Louis, ambako kulikuwa na chatu jike wa jamii ya Shaba aliyepokelewa mwaka 1961. Julai 2020, akiwa anakadiriwa kupita miaka 60, na akiwa hajakaa karibu na dume kwa miaka 15 au zaidi, alitaga mayai saba. Wataalamu pale hawakumjua nyoka mwingine mwenye umri mkubwa kuliko huo katika bustani yoyote. Nyoka wa nyumbani hafiki huko kwa kawaida, ila miaka 20 hadi 30 ni jambo linalowezekana. Nikapiga hesabu kichwani ya panya hai watakaopita kwenye mikono yetu kwa miaka hiyo yote, na meno yao.

Nilipoanza kusoma, kilichonishika zaidi ni midomo yake. Ukimtazama Shaba kwa karibu, taa ikiwa ubavuni, utaona safu ya vishimo kwenye ukingo wa mdomo wa juu, vidogo kiasi cha kudhani ni makunyanzi. Kwa vishimo hivyo huhisi joto linalotoka mwilini mwa mnyama mwingine, hata gizani kabisa. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya David Julius, katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba kinachofanya kazi mle ni protini iitwayo TRPA1. Binadamu pia tunayo, ila kwetu ndiyo inayotufanya tuhisi mwasho wa haradali. Kwa chatu imekuwa jicho la pili. Ongeza ulimi wenye ncha mbili, unaokusanya chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho kwenye kaakaa, ndipo utaelewa mezani kwake kunahitajika nini.

Sasa mchukue panya aliyetoka kwenye friza, akaachwa kaunta ya jikoni barafu iyeyuke. Ana joto la chumba. Manyoya yamelowa. Hatembei. Harufu yake imefifia. Kwa Shaba hicho ni kitu tu kilichowekwa njiani, na ana haki ya kukipita.

Jambo hili sikulipata vitabuni tu. Ninafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wengi wao wamepoteza kumbukumbu. Kuna bibi mmoja ambaye kila zamu iliandikwa amekataa chakula. Nilipopangiwa kwake nilikuta televisheni inapiga kelele, taa ya dari inamchoma machoni, uji umepoa, na mlishaji amemsimamia juu ya kichwa na kijiko mkononi. Nilizima televisheni, nikapasha uji, nikavuta kiti nikakaa macho yetu yakilingana, nikanyamaza. Alikula. Hakula wote, ila alikula. Tangu siku hiyo, nikisikia kiumbe chochote kimekataa kula, huwa sianzi na mdomo wake. Naanza na yaliyomzunguka.

Kwa hiyo wiki za mwanzo hatukushughulika na panya kabisa. Tulishughulika na nyumba ya Shaba. Kizimba kilikuwa sebuleni karibu na spika. Tukakihamishia chumba cha mwanangu, mbali na mlango. Tukafunika pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi. Tukaweka mapango mawili ya kumtosha barabara, yanayomgusa mgongo na mbavu, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, kwa sababu chatu huyu porini hushinda kwenye mashimo ya wagugunaji na vichuguu na hujisikia salama akibanwa. Upande wa joto tukaushikilia kwenye nyuzi 32 hivi kwa thamostati, upande wa pili nyuzi 26, na unyevu ukabaki karibu asilimia 60. Mwanangu alikatazwa kumshika. Hilo lilimuuma kuliko yote, maana mtoto amesubiri nyoka muda wote huo halafu anaambiwa amwangalie kwa mbali, lakini alitii.

Kisha tukaanza. Panya alihamishwa friza kwenda friji usiku, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ili ayeyuke polepole bila kuoza nje huku ndani kungali na barafu. Jioni ya pili tulimtumbukiza, akiwa ndani ya mfuko wake, kwenye bakuli la maji moto ya bomba. Maikrowevu haifai hata kidogo: hupika sehemu moja ikaacha nyingine ikiwa barafu, na tumbo linaweza kupasuka. Nilimminya tumboni kwa vidole kuhakikisha hakuna kigumu kilichobaki. Tukamfuta kwa karatasi ya jikoni hadi manyoya yakasimama, kisha mwanangu akampuliza kichwani kwa mashine ya kukaushia nywele, maana tunataka nyoka alenge kichwa. Tulikuwa na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, kilichoingia kila nyumba wakati wa Uviko. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi kidogo kwenye kichwa cha panya, tulikuwa na dakika chache tu.

Taa zilizimwa, ikabaki ya korido. Panya alishikwa kwa koleo refu, mgongoni karibu na shingo, akasogezwa usawa wa sakafu. Usimletee kutoka juu. Kinachomjia nyoka mdogo kutoka juu ni mwewe. Asogezwe kama panya apitavyo, hatua mbili, asimame, anuse, hatua moja. Hapa macho ya mlishaji ndiyo yenye kazi. Nyoka mwenye hamu hupiga ulimi harakaharaka, kichwa kinamfuata panya, shingo inajikunja taratibu. Nyoka mwenye hofu naye hujikunja shingo, ila anarudi nyuma, anapumua kwa nguvu, anageuza uso. Ukiona ya pili, ondoka. Kuendelea kumsogezea ni kumfundisha kwamba koleo ni adui.

Shaba aligeuza uso. Tukamweka panya juu ya kigae mlangoni mwa pango, tukafunga kizimba, tukaondoka. Asubuhi panya alikuwa pale pale. Alitupwa, kwa sababu aliyekwisha kuyeyuka harudishwi friza. Baada ya wiki tulijaribu tena, ikawa vile vile, na wiki iliyofuata pia.

Kungoja huku ndiko kugumu. Kila mtu ana lake la kukuambia. Mmoja alisema mfungue mdomo umsukumie. Mwingine alisema mpe hai mara moja tu, nyoka asife. Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka. Akampima, akamtazama mdomo na kinyesi, akasema ni mzima. Alitupa kanuni ambayo imetutuliza hadi leo: mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ileile, asipopungua zaidi ya asilimia kumi na akiendelea kuwa mchangamfu, ngojeni, na msimpe chakula kila siku, kwa sababu kumbughudhi kila jioni ndiko kutakakomzuia kula. Kumlisha kwa nguvu ni hatua ya mwisho, ya mikono ya mtaalamu. Mizani ya jikoni ikanunuliwa kwa ajili yake peke yake. Wiki kwa wiki uzito ulipungua gramu moja, mbili. Mwanangu aliandika kila namba daftarini, na usiku nilimsikia akitoka kitandani kwenda kumwangalia.

Kilichofungua njia kilitoka nyumbani. Nikizungumza na muuza chakula cha nyoka, alinishauri nijaribu aina nyingine ya panya, ambayo chatu wa jamii hii huikubali kwa urahisi kwa kuwa ni windo lao la asili. Pakiti iliandikwa Mastomys natalensis. Nilisimama nayo mkononi. Huyo ni panya shamba! Ndiye anayefukua mbegu za mahindi Morogoro kabla hazijaota, ndiye aliyetafunwa na paka wa bibi yangu, ndiye ambaye watafiti wa Sokoine wamemfuatilia kwa miongo mingi kwa sababu mvua zikija vizuri huzaliana hadi wakulima wanapanda upya. Na sasa nimemkuta Missouri, kagandishwa, kapangwa kwa ukubwa.

Wanaouzwa humu ni wa kuzalishwa humu humu. Mwaka 2003 shehena ya wagugunaji kutoka Ghana iliingiza virusi vya mpox Marekani, watu 47 wakahesabiwa kuugua, na serikali ikapiga marufuku kuingiza mgugunaji yeyote kutoka Afrika. Nimefurahi marufuku ipo. Panya shamba wa Afrika Magharibi hubeba virusi vya homa ya Lassa, na si mnyama wa kusafirishwa ovyo.

Tulifuata utaratibu ule ule, maji moto, karatasi, mashine ya nywele. Panya shamba ana harufu kali zaidi, ya nyasi kavu na mkojo, nami niliijua mara moja. Shaba aliijua pia. Kabla koleo halijafika katikati ya kizimba, ulimi ulikuwa nje, ukipiga juu chini bila kupumzika. Kichwa kikatoka pangoni kwa mwendo ambao huwezi kuuona ukianza, unaona tu kwamba sasa kiko mbele kuliko awali. Akatulia. Mwanangu akasimamisha koleo. Halafu panya hakuwa kwenye koleo tena.

Alimzungushia mikunjo miwili akambana, maiti yule, kwa nguvu zake zote. Nilitaka kushangilia, mwanangu akanishika mkono ninyamaze. Baadaye alinieleza utafiti wa Scott Boback na wenzake wa Chuo cha Dickinson, Pennsylvania, uliochapishwa 2012. Walichukua panya waliokufa, wakawapasha joto, wakawawekea moyo bandia wa kusukuma maji, wakawapa nyoka aina ya boa. Moyo ulipodunda, nyoka walibana kwa muda mrefu na kwa nguvu zaidi, uliposimamishwa, wakalegeza. Kwa hiyo nyoka huwa anasikiliza mapigo ya moyo kwa mwili wake. Shaba hakuyasikia, akalegea mapema, akaanza kumtafuta panya kichwa kwa pua, akipapasa kuanzia ubavuni. Hapo ndipo wengi humwacha panya, kwani kitu kimelala tu. Mwanangu alimgusa panya mkiani kwa ncha ya koleo, mara moja, kidogo sana. Shaba akabana tena, kisha akafungua taya. Kumeza kulichukua muda ambao sikuupima, na hakuna aliyeuona kuwa mrefu.

Kutoka pale mambo yalikwenda bila makuu. Milo michache ya panya shamba, kisha panya mweupe wa kawaida aliyeyeyushwa kwenye mfuko mmoja na panya shamba ili achukue harufu, kisha mweupe peke yake. Upana wa panya haupaswi kuzidi sehemu nene ya mwili wa nyoka, na baada ya mlo haguswi kwa siku mbili. Friza ya chakula cha Shaba ni ndogo, iko karakana, haichanganywi na ya kwetu. Kugandisha hakuui Salmonella, na mamlaka za afya za hapa zimewahi kufuatilia watu walioambukizwa kupitia panya wa kulishia nyoka. Bakuli lake ni lake, koleo lake ni lake, na mikono huoshwa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Hapo muuguzi ndani yangu hana mjadala na mtu.

Wafugaji wazoefu wanatuambia akikomaa anaweza kuacha kula kwa miezi, hasa majira ya baridi, akiwa hana ugonjwa wowote. Daftari bado lina kurasa. Mama naye siku hizi huuliza habari za Shaba baada ya kuuliza za mjukuu.

Juzi kijana mwingine wa mtaani kwetu alikuja akiwa na wasiwasi. Chatu wake mdogo hali panya wa friza, akasema, huenda amezoea vibaya. Mwanangu hakumuuliza lolote kuhusu panya. Alimuuliza kizimba kimekaa wapi, upande wa joto una nyuzi ngapi, pango lina upana gani, na nani humshika. Kisha akachukua kipimajoto, karatasi nyeusi na gundi, wakaondoka pamoja.